Crane Bank: Mahakama Haikuamua Hilo

Kuna usemi uliozoeleka Uganda: "Mahakama ilishasema Crane Bank ilifungwa kimakosa." Si hivyo.

Benki Kuu ya Uganda iliichukua Crane Bank Oktoba 2016, na Januari 2017 mali na amana zake zikahamia benki nyingine, DFCU. Baadaye mwaka huo Crane Bank, ikiwa mikononi mwa mrasimu, yaani msimamizi wa mali za benki aliyewekwa na Benki Kuu, ilimshtaki mmiliki wake wa zamani, Sudhir Ruparelia, ikidai takriban shilingi bilioni 397 za Uganda. Yeye alikanusha.

Madai hayo hayakuwahi kusikilizwa. Mawakili wake walileta pingamizi la awali: je, benki iliyo chini ya mrasimu ina mamlaka kisheria ya kushtaki? Agosti 2019 Mahakama Kuu ilijibu hapana, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono Juni 2020. Ni kama mechi iliyovunjwa kwa sababu mchezaji hakusajiliwa, mabao hayakuhesabiwa.

Ushindi ni ushindi, na Benki Kuu iliaibika kweli. Lakini swali la iwapo benki ilistahili kufungwa halikuwa mezani kwa hao majaji.