Deni la Bodi ya Mikopo halibaki kwa sababu ya ukaidi

"Walikula bumu (fedha za mkopo wa chuo), sasa hawataki kulipa." Kauli hii hutupiwa kila mdaiwa wa Bodi ya Mikopo Tanzania, inayokopesha wanafunzi wa elimu ya juu, na inawaumiza watu wengi bure.

Tuanze na aliyeajiriwa. Yeye hana nafasi ya kukataa: mwajiri humkata kabla mshahara haujaingia benki. Mabadiliko ya sheria ya 2016 yalipandisha makato kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi, hata kwa waliokopa wakati wa ile 8.

Kwa nini basi deni halikupungua? Kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka. Chukua deni la shilingi milioni 10 na mshahara wa msingi wa 400,000. Kwa makato yale ya zamani, asilimia 8 ni 32,000 kwa mwezi, yaani 384,000 kwa mwaka. Tozo peke yake ni 600,000. Mtu huyo alilipa kila mwezi bila kukosa, na kila akiangalia salio, limepanda! Rais Samia aliifuta tozo hiyo mwaka 2021, na alifanya haki. Ila deni lenyewe halikufutwa, tusichanganye.

Anayebaki nyuma mara nyingi ni mhitimu asiye na ajira rasmi, anayeuza mitumba au kufundisha tuisheni. Kipato chake cha leo si cha kesho. Huyo anahitaji kiwango kinachofuata mfuko wake, siyo kuitwa mwizi.