Cornwall: si nafaka, wala si ukuta

Kila ninapofundisha historia ya majina ya mahali, hatakosekana mtu wa kunihakikishia kwamba Cornwall, kaunti iliyo kwenye ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza, maana yake ni "ukuta wa nafaka", eti kwa kuwa Kiingereza kina maneno "corn" na "wall". Sivyo hata kidogo. Jina la mahali halifasiriwi kwa kamusi ya leo, bali hufuatiliwa hadi kwenye maandishi yake ya kale, na humo tunakuta Cornwealas, ambalo ni jina la watu.

Sehemu ya kwanza ni nyepesi. Ni neno la Kikelti lenye maana ya pembe, nalo limo pia katika Kernow, jina la nchi hiyo kwa Kikornishi. Tazama ramani uone nchi kavu inavyochongoka kuingia Atlantiki. Nasi husema Pembe ya Afrika kwa sababu iyo hiyo.

Kinachoniudhi ni jinsi sehemu ya pili inavyoelezwa. Vitabu vingi hufasiri wealas, neno la Kiingereza cha kale, kuwa "wageni" na kuishia hapo, ilhali Wadani walioivamia Uingereza katika karne ya 9 walikuwa wageni hasa, na waandishi wa Kisaksoni, yaani Waingereza wa kale, waliwaita Wadani au wapagani, si wealas. Neno hilo, ambalo wataalamu wengi hulihusisha na Volcae, kabila la Kikelti la bara la Ulaya, liliwahusu watu wa lugha za Kikelti au Kilatini. Ndiyo maana limo katika majina ya Wales na Wallonia ya Ubelgiji. Basi Cornwealas ni Wabritoni, yaani wenyeji wa Kikelti wa kisiwa hicho, wa kwenye pembe.

Vitabu hivyo hivyo hudai bila kusita kwamba pembe hiyo ilikaliwa na kabila la Cornovii. Mimi nasita. Katika karne ya 2, Ptolemaio, mwanajiografia wa Kigiriki, aliwaweka Cornovii katikati ya Uingereza, karibu na mji wa Kirumi wa Viroconium, na rasi ya kusini-magharibi akawapa Dumnonii, ambao jina lao limebaki katika kaunti jirani ya Devon. Dai la Cornovii wa Cornwall hutegemea zaidi jina moja, Purocoronavis, katika orodha ya majina ya mahali iliyokusanywa Ravenna, Italia, mnamo mwaka 700 hivi, na hata hilo ni lazima kwanza lisahihishwe kuwa Durocornovium ndipo hoja isimame. Naona ni salama zaidi kusema kwamba nchi ndiyo iliyoitwa pembe kwanza, na wakazi wake wakaitwa kwa jina la nchi yao.