"Few", "a few" na "quite a few", hii ya mwisho ndo inapoteza wengi

Naanza na hiyo ya mwisho maana ilitugharimu nyumbani. Mjomba wangu anauza korosho zilizobanguliwa hapa Mikindani, mwaka jana akatuma pakti 60 kwa mteja wa nje, zilipofika mteja akaandika "quite a few packets are torn", mi nikaona few nikamwambia mjomba zimechanika chache tu, akasema basi tumfidie pakti tano yaishe. Mteja akakasirika, akatuma picha, tukakaa kuhesabu mojamoja kwenye simu tukakuta 34. Tulizilipa zote.

Yani quite a few ni nyingi. Kwa Kiswahili chetu ni "si haba" kabisa. Mtu akitoka kuchokoa pweza ukamuuliza vipi leo akakujibu si haba, huwezi kudhani kapata wawili, unajua ndoo imejaa.

Sasa few ikikaa peke yake bila a, hapo ndo haba yenyewe. Umefika feri asubuhi unataka kuvuka kwenda Msangamkuu, mtu akikwambia "there are few boats" anakwambia boti hazitoshi, jiandae kusubiri. Akisema "there are a few boats" anakutoa wasiwasi, boti zipo kadhaa, utavuka. Na zinaweza kuwa boti nne zilezile! Kinachobadilika ni anachotaka wewe ujue. Hako ka a wengi tunakaruka kwasababu Kiswahili hakina kitu kama hicho mbele ya jina, sisi tofauti hiyo tunaitoa kwa kusema kadhaa au chache mno. Ila ukiongeza only, "only a few boats", unarudi kulekule kwenye uchache, boti chache tu.

Idadi yenyewe haijapangwa. Kuna wanaofundishana kwamba a few ni tatu, sio kweli, kwenye magunia kumi inaweza kuwa matatu lakini kwenye ghala lililojaa msimu wa korosho hata arobaini ni a few.

Few inaenda na vitu vya kuhesabika, magunia, boti, watu. Maji, chumvi, muda, hivyo ni little, na a inafanya kazi ileile, "little water" maji hayatoshi, "a little water" yapo kidogo. Hapa chunga sana neno hela, sisi tunasema hela chache bila shida so mtu anaandika "few money", na Kiingereza hakihesabu money, kinahesabu noti na shilingi, kwahiyo ni "little money". Taarifa nazo hivyohivyo, tunasema taarifa chache ila kwao ni "little information", na usiongeze s mwishoni.

Siku hizi nikimsomea mjomba meseji ya mteja ananikatisha, "hebu ngoja, hiyo few mbele yake pana nini?"