Ukifika Mji wa Kale, Ulizia Maji Kwanza

Kazi yangu ni maji. Kwa miaka 26 nimechimba visima, nimelaza mabomba na nimetafuta yanakovujia, Unguja na Pemba. Ninaposafiri, roho haitulii mpaka nijue mji niliofikia ulikuwa ukinywa nini zamani. Wenzangu wa safari huniuliza kwa nini tusiende kwanza kwenye ngome. Huwajibu kwamba ngome ilijengwa pale kwa sababu ya maji, na anayefuata njia ya maji ataifikia ngome, msikiti, soko na mtaa wa wanyonge, tena akijua kila kimoja kwa nini kiko pale kilipo.

Nianze na Oman, kwani huko ndiko nilikoliona jambo hili waziwazi. Katika mji wa Nizwa watu wengi huenda kwenye ngome, na Ijumaa asubuhi huwahi mnada wa mbuzi. Nenda, ni vitu vya kuonwa. Lakini ukitoka hapo chukua teksi ikupeleke Falaj Daris, si mbali na mjini. Falaji ni mfereji unaoleta maji kwa mwinamo wa ardhi peke yake, bila pampu. Ile wanayoiita ya daudi huanzia kwenye kisima mama huko juu, ikapita chini ya ardhi, mara nyingine kilomita kadhaa, ndipo ikatokeza karibu na mitende. Mtu wa kazi yangu akiona hivyo husimama. Mwinamo ukizidi kidogo, maji yanakula kingo. Ukipungua kidogo, yanazubaa na mchanga unajaa. Waliochimba walipata kipimo hicho gizani, kwa mikono. Oman bado ina kama falaji 3,000 zinazofanya kazi, na tano kati yake, Daris ikiwemo, ziliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006.

Tazama mpangilio wake. Maji yanapotokeza tu, hapo ni pa kunywa, na kila mtu ana haki, mwenyeji na msafiri. Chini yake ni msikiti na mahali pa kuogea. Baada ya hapo ndipo yanaingia mashambani, na huko kila tone lina mwenyewe. Hisa ya maji huhesabiwa kwa muda: athari moja ni kama nusu saa. Mchana waliipima kwa kivuli cha nguzo iliyosimikwa, usiku kwa nyota.

Siku moja nilikuwa Misfat al Abriyeen, kijiji kilichoshikilia ubavu wa mlima, mashamba yake yakishuka kwa ngazi. Mzee mmoja alikuja na saa mkononi, akachuchumaa penye njia panda ya mifereji. Tundu la upande wake lilikuwa limezibwa kwa jiwe lililoviringishwa kitambaa chakavu. Aliitazama saa, akangoja, kisha akalichomoa lile jiwe na kulipachika upande wa pili. Maji yakageuka, yakaingia kwenye mindimu yake na mitende. Nikamsalimu kwa Kiarabu changu cha msikitini. Akanitazama usoni, akanijibu kwa Kiswahili:

"Wewe mtu wa Unguja. Wa mjini au wa shamba?"

"Wa shamba, babu. Bumbwini."

"Basi kaa. Zamu yangu athari moja tu, hatutachelewa."

Tulikaa kivulini mpaka zamu yake ikaisha. Aliniambia alipokuwa mdogo mjini Unguja walichota maji mferejini barabarani, na kwamba alipoletwa Oman kitu kilichomshangaza ni kuona maji yana saa. Zamu ilipokwisha alirudisha jiwe mahali pake, akalipiga kwa kisigino likakaa.

Ukitaka kwenda, chagua kati ya Novemba na Machi; kiangazi cha kule kinaunguza. Vaa nguo za kufunika mabega na magoti, kwa sababu unapita katikati ya makazi ya watu. Vibanda vya kuogea vya wanaume na wanawake ni mbalimbali, navyo havipigwi picha. Na usitie miguu mferejini mahali pa juu, panapochotwa maji ya kunywa, hata kama umewaona watalii wengine wanafanya.

Cairo ni habari nyingine, maana kule maji hayakutafutwa, yalingojewa. Wageni humaliza siku zao kwenye mapiramidi. Mimi ningekuomba uchukue nusu siku uende kisiwa cha Roda, ncha ya kusini, ukaone kipimo cha Nile, wenyewe wanakiita Miqyas. Kilijengwa mwaka 861 kwa amri ya Khalifa al-Mutawakkil wa Bani Abbas. Ukikiona kwa nje hakikuvutii sana. Ingia, ushuke ngazi zinazozunguka shimo la mawe, na katikati utaiona nguzo yenye pande nane iliyochongwa alama za dhiraa kutoka chini hadi juu. Maji ya mto yaliingia humo kwa njia za chini, na kila kiangazi mtu wa serikali aliteremka kusoma yamefika alama ya ngapi. Yakifika dhiraa 16, nchi imepata, na kodi ya ardhi itatozwa. Yakipungua, watu walianza kuhesabu akiba ya nafaka. Yakizidi sana, mafuriko.

Ukutani zimechongwa aya za Qur'ani zinazotaja mvua na mimea, kwa hati ya kikufi, mwandiko wa Kiarabu wa zamani wenye pembe. Shuka taratibu uzisome, ngazi hazina kinga ya kutosha, na ukiwa na mtoto mshike mkono. Tangu bwawa kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970 mto haupandi tena kama zamani, na shimo ni kavu. Mimi nilikaa chini kule nikaiangalia alama ya 16 kwa muda mrefu. Nimesoma mita za maji maisha yangu yote, lakini sijapata kusoma ambayo nchi nzima ilikuwa inalisubiri jibu lake. Ukitoka, kwa wapenzi wa taarabu, makumbusho ya Umm Kulthum yako hapohapo jirani.

Jioni nenda barabara ya al-Muizz. Pale inapogawanyika utakutana na sabili ya Abd al-Rahman Katkhuda, ya mwaka 1744. Sisi tunasema kusabilia mali, yaani kuitoa kwa ajili ya Mungu. Hapa utaliona neno lenyewe limejengwa kwa mawe. Chini kuna madirisha ya nondo ambako wapita njia walipewa maji bure, juu kuna chuo cha watoto cha Qur'ani. Maji yaliletwa kutoka mtoni kwa viriba, migongoni mwa wanyama na watu, yakahifadhiwa kwenye birika chini ya jengo. Saa za magharibi ndizo nzuri, taa zinapowashwa na joto limekatika.

Istanbul ilikuwa na shida yake: bahari pande tatu, maji matamu mbali. Birika la chini ya ardhi la Yerebatan, lililojengwa karne ya 6 wakati wa Justinian, mfalme wa Rumi ya Mashariki, lina nguzo 336, na nyingi ziliokotwa kutoka majengo ya zamani zaidi, ndiyo maana vichwa vyake havifanani. Wote hukimbilia nguzo mbili zenye sura ya Medusa chini, yule mwanamke wa ngano za Kigiriki mwenye nyoka kichwani, moja imelala upande, moja kichwa chini. Zione, kisha rudi katikati na uinue macho uangalie matao. Kumbuka moyoni kwamba juu yako kuna mji na magari. Katika karne ya 16 wakazi wa juu walikuwa wakiteremsha ndoo kupitia matundu ya sakafu zao wakapata maji na hata samaki. Fika mapema mlango unapofunguliwa. Kufikia adhuhuri foleni ni ndefu.

Roma sitakaa sana, imeandikwa vya kutosha. Chukua chupa yako tu. Mitaani kuna mabomba ya chuma yanayotiririka mchana na usiku, wenyeji wanayaita nasoni, maji yake safi na baridi. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yataruka kwenye tundu la juu, unywe bila kuinama. Na kwenye chemchemi ya Trevi, ujue kwamba njia iliyoilisha, Aqua Virgo, ilifunguliwa na Agrippa, jemadari wa Kirumi, mwaka 19 kabla ya Kristo.

Nikirudi kwetu, wageni hupelekwa Hamamni, hamamu, yaani bafu la umma, ya Sultan Barghash, wakapigwa picha kwenye beseni kavu wakatoka. Mwambie anayekutembeza akuoneshe maji yalikopashwa moto na yalikopita. Barghash huyohuyo ndiye aliyevuta maji ya chemchemi kutoka nje ya mji mpaka Mji Mkongwe, na mfereji wa barabarani ambao yule mzee wa Misfat aliukumbuka ulitokana na kazi iliyoanza hapo.

Ukiwa na siku zaidi, vuka bara uende Kilwa Kisiwani. Kibali hukatwa Kilwa Masoko kabla ya kupanda mashua, na ni vizuri kuondoka asubuhi kabla jua halijapanda. Pale Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14, kuna bwawa la kuogea lenye pande nane, juu kabisa ya jabali, bahari chini yako. Nimelizunguka mara tatu nikitafuta mfereji unaoliingia, sikuuona. Zunguka na wewe. Halafu teremka mpaka kwenye kisima, upande tena kwa miguu, ukiwaza ndoo kichwani.