Gari ya petroli inamisi ukikanyaga mafuta: tunayoambiana na yaliyo kweli

Gari yangu ya zamani ilinisumbua miezi kadhaa kwa kumisi, yaani silinda inaruka zamu yake bila kuwaka: nikikanyaga mafuta inavuta, inaachia, inavuta tena, kichwa kinaenda mbele kinarudi nyuma kama abiria anayesinzia kwenye basi. Katika miezi hiyo nilibadilisha plagi mara mbili, nikaweka filta mpya ya mafuta, nikasafisha nozeli (zile zinazopuliza petroli kwenye injini), mwisho nikafungiwa na pampu mpya ya mafuta wakati ile ya zamani haikuwa na shida yoyote. Kumbe kosa lilikuwa waya mmoja wa plagi. Kwa hiyo haya ya hapa chini ni mambo niliyoambiwa na watu kwa uhakika kabisa, na mengine nilikuwa nawaambia wenzangu mimi mwenyewe bila hata kusitasita.

"Inamisi? Hizo plagi tu, badilisha"

Inaweza ikawa plagi, sikatai, zinachakaa na ni rahisi kubadilisha. Ila silinda ili iwake inataka vitu vitatu: cheche ya kutosha kwa wakati wake, hewa na mafuta kwa kiasi kinachoeleweka, na kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Kimoja kikipungua inamisi, na plagi ni kipande kidogo tu cha hicho cha kwanza. Ndo maana siku hizi mtu akiniambia gari yake inashtuka simuulizi umebadilisha nini, namuuliza inafanya hivyo lini.

Maana hilo "lini" linakueleza mengi kabla hujafungua boneti. Kama inatetemeka ikiwa imesimama, halafu ukikanyaga inatulia, shuku hewa inayoingia kwa njia ya wizi, mpira wa vakyumu umepasuka au gasketi ya menifodi (mabomba ya kuingizia hewa) imeachia, kwa sababu kipepeo cha throtli kikiwa kimefunga hewa inayopita ni kidogo, hivyo hiyo ya wizi inaharibu mchanganyiko wote, ila ukikanyaga inazidiwa na hewa halali na huisikii tena. Kama inaanza vizuri, ukipandisha kilima kirefu au ukishika kasi muda mrefu ndo inakosa nguvu na kuanza kukohoa, hapo injini inatumia mafuta mengi kuliko yanayoletwa, nenda kwenye filta ya mafuta na presha ya pampu. Na kama inashtuka sehemu moja tu ya mguu, yaani juu yake sawa, chini yake sawa, pale katikati ndo ina kama shimo, sensa ya throtli inaweza kuwa imelika mahali pale ambapo mguu wako unakaa kila siku. Kwa gari za kabureta, ile kuzubaa ukikanyaga ghafla mara nyingi ni kile kipampu kidogo cha ndani ya kabureta: zima injini, toa kifuniko cha filta ya hewa, chungulia huku mwenzako anakanyaga mafuta, unatakiwa uone petroli inaruka kama mkojo wa mtoto. Usipoiona na kabureta ina mafuta, umeshapata pa kuanzia.

"Ikiwa imesimama inanguruma safi, basi moto wa plagi uko sawa"

Hii ndo iliyonipoteza mimi. Cheche kuruka kwenye hewa ya kawaida ni kazi nyepesi, kuruka ndani ya silinda iliyogandamizwa ni kazi nyingine. Ukikanyaga, hewa nyingi inaingia, mgandamizo unapanda, na volti zinazotakiwa ili cheche ivuke lile pengo la plagi zinapanda nazo. Koili inachukua volti 12 za betri inazifanya 20,000 na zaidi, na umeme wa namna hiyo unatafuta njia iliyo rahisi. Plagi ikishakuwa ngumu kuvukwa, umeme unatokea kwenye waya uliochanika, kwenye ufa wa kifuniko cha distributa (kile kinachogawa moto kwa kila plagi), au kwenye raba ya koili iliyolowa oili, unaenda kugusa chuma pembeni na silinda inabaki bila moto. Ndo maana gari inanguruma vizuri getini halafu kilimani inakuaibisha.

Kwa hiyo hata ule mtindo wa kutoa plagi, kuigusisha kwenye injini na kusema "ona, moto upo", haukupi jibu lote. Moto upo nje, ndani hujui. Tena ufanyike kwa tahadhari, maana karibu na petroli cheche ni moto kweli na umeme wa koili si wa mzaha.

Nilichofanya mimi ni hiki: usiku, giza kabisa, injini inawaka, boneti wazi, mikono mbali na mkanda na feni. Nikapuliza ukungu mwepesi wa maji kwa ile chupa ya kunyunyizia, kwenye waya za plagi na kifuniko cha distributa. Waya wa silinda ya 3 ukaanza kutoa vimwale vya bluu, tik tik tik, vinarukia kwenye chuma cha menifodi, na injini ikaanza kutetemeka hapo hapo. Miezi yote ile, dakika mbili za giza. Na kumbe gari yangu ilikuwa mbaya zaidi siku za mvua, jambo nililoliona kabisa na nisilihusishe na kitu.

Ukizitoa plagi usizichanganye, zipange kwa mstari kama zilivyokaa kwenye injini. Rangi ya udongo uliopauka, hapo sawa. Nyeusi kavu kama masizi, mafuta yanazidi au cheche ni dhaifu. Nyeusi yenye oili, ringi za pistoni au sili za valvu. Nyeupe kama imeokwa, mafuta ni kidogo au inapata joto sana. Ila kinachosema zaidi ni ile moja isiyofanana na wenzake, maana zote zikiwa nyeusi shida ni ya injini nzima, moja ikiwa nyeusi shida iko kwake. Na pengo lipime kwa fila geji kulingana na kitabu cha gari, injini nyingi ni kama milimita 0.7 hadi 1.1, usikadirie kwa jicho. Plagi za iridiamu nazo watu wanadhani ni dawa. Zinadumu zaidi, basi, waya mbovu utabaki mbovu.

"Mashine imesema, kwa hiyo nunua hicho"

Mashine ya kusoma makosa kwenye kompyuta ya gari haisemi kifaa gani kimekufa, inasema kompyuta imeona nini. P0301 maana yake silinda ya 1 inamisi, P0302 ya 2, na kuendelea, P0300 ni kumisi kusikotulia silinda moja. Imekuambia mahali, sababu hujui bado. Kama gari yako kila silinda ina koili yake, hamisha koili ya silinda ya 1 iende ya 3, futa kosa, endesha. Ikirudi na P0303 koili ndo mbovu, ikirudi P0301 ile ile iache koili, jaribu kuhamisha plagi, halafu nozeli. Hujatumia hata senti.

Mtego mwingine ni sensa ya oksijeni. Silinda isipowaka, hewa yake inatoka na oksijeni yote kwenda kwenye ekzosi, sensa inaona oksijeni nyingi, inaripoti kwamba mafuta ni kidogo. Sensa haijakosea hapo, oksijeni kweli ipo! Lakini mtu anasoma hiyo ripoti anabadilisha sensa, gari inaendelea kumisi vile vile, halafu anasema spea feki.

Gari za zamani kidogo zaidi huwezi hata kuzipima hivyo. Marekani mfumo huu wa gari kutoa namba za makosa, OBD-II, ulikuwa lazima kuanzia gari za modeli ya 1996, Ulaya kwa petroli kuanzia 2001, kabla ya hapo mara nyingi unabaki na masikio na akili yako, na kusema kweli sio vibaya.

"Taa ya injini inawaka na kuzima, nitaenda kwa fundi wikiendi"

Ikiwaka na kutulia una muda. Ikiwa inapepesa wakati gari inashtuka, punguza mwendo, usiikamue, kwa sababu petroli ambayo haikuungua inaenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi (katalisti, kile kinachosafisha moshi) na yakishayeyuka yanaziba njia ya moshi. Hapo ulikuwa na tatizo moja, sasa yako mawili, na la pili nalo linaifanya gari ikose nguvu.

Kwa sababu hiyo hiyo ule mchezo wa kuchomoa waya wa plagi injini ikiwa inawaka ili usikie silinda gani haifanyi kazi mimi nimeuacha, tena unaweza kuunguza koili na kujipigisha shoti. Kama ni gari ya nozeli, chomoa soketi ya nozeli badala yake, mafuta yanakata na unapata jibu lile lile: silinda ambayo ukiichomoa mlio haubadiliki, hiyo ndo mvivu.

"Weka petroli ya oktani ya juu itasafisha"

Oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia mgandamizo bila kulipuka yenyewe kabla ya wakati. Basi. Haina nguvu ya ziada kwa injini isiyoihitaji na haizibi ufa wa kifuniko cha distributa.

"Ikishtuka lazima iwe inamisi"

Hapana bwana. Mauntini za injini zilizochoka zinafanya injini iruke ukikanyaga na ukiachia, unasikia kishindo kimoja, dungu, halafu kimya. Klachi iliyokwisha, mshale wa mizunguko unapanda ila gari haiendi. Kumisi kwenyewe kuna mdundo, kunajirudia.

"Umebadilisha vyote bado? Injini imekufa hiyo"

Pima kompresheni kwanza. Injini iwe ya moto, plagi zote nje, mafuta na moto vimekatwa, pedali ya mafuta mpaka chini, piga stata mizunguko kadhaa kwa kila silinda, andika. Ikipatikana moja iliyo chini sana ya wenzake, mwagia kijiko cha oili kwenye tundu lake upime tena: ikipanda, ringi ndo zinavuja; isipopanda, angalia valvu. Mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ya silinda hedi. Na hata ikiwa valvu usikimbilie kubomoa, kwenye injini zinazorekebishwa tapeti (vile vinavyosukuma valvu) kwa mkono inatokea sana kwamba tapeti imebana, valvu haifungi vizuri, kompresheni inavuja, ukilegeza kwa kipimo cha kitabu, kama valvu haijaungua bado, injini inarudi.