Vali ya njia moja haitaokoa zulia la besimenti yako

Wiki hii nimeulizwa tena kuhusu tenki la samaki linalochujwa kutoka besimenti, chumba cha chini ya nyumba. Picha imeingia kwenye simu: tenki zuri la matumbawe sebuleni, mabomba meupe yamepenya sakafu mpaka besimenti, na sampu, lile tenki la chini la kukusanyia na kuchujia maji, imejaa hadi vidole viwili chini ya ukingo. Nikamuuliza mwenye tenki, ndugu nisiyemjua ila ananiita fundi: umeme ukikatika, maji yatakayoshuka yatakaa wapi? Akajibu huku anacheka: "Usijali fundi, nimefunga vali ya njia moja." Yaani vali inayoruhusu maji kupanda ila isiyatakiwe kuyarudisha.

Naandika hapa mara moja, ili atakayefuata nimtumie kiungo badala ya kubishana naye usiku kucha.

Sampu, skima (kifaa kinachotoa uchafu majini kwa mapovu) na bomba la kurudishia maji sitavieleza kwa kirefu. Ukifikia kutoboa sakafu ya sebule, hayo unayajua. Ninachotaka uelewe ni kinachotokea pampu inaposimama, maana maji huteremka kwa njia mbili, na watu wengi wanaiona moja tu.

Njia ya kwanza ni ile ile ya kila siku. Pampu ikifanya kazi, maji ya tenki husimama juu kidogo ya meno ya kisanduku cha kufurikia, yaani ukingo ambao maji huuvuka kuingia bomba la kushushia. Pampu ikizima, ile tabaka yote ya juu ya meno inaendelea kushuka mpaka ifike usawa wa meno, na kisanduku chenyewe kinajimwaga mpaka kwenye mdomo wa bomba la kushushia. Maji yaliyokuwa njiani ndani ya bomba nayo yanashuka. Hapa vali yako haihusiki kabisa. Haiko kwenye bomba hilo, na ole wako ukiiweka huko.

Njia ya pili ni bomba la kupandishia, lile linalorudisha maji kutoka sampu hadi tenki. Mdomo wake umezama majini, pampu imenyamaza, sampu iko chini: hiyo ni sifoni kamili, maji yanajivuta yenyewe kuteremka. Maji yatarudi kwa bomba hilo hilo mpaka mdomo uvute hewa. Vali inahusika hapa peke yake. Kwa hiyo hata vali isiyo na dosari, mpya, iliyofungwa na malaika, inazuia sehemu tu ya maji. Yule ndugu wa vidole viwili angefurika hata kwa vali kamilifu.

Tupige hesabu. Natumia lita kwa sababu sentimita zinageuka lita bila kuhangaika. Galoni nawaachia wauza matenki. Chukua tenki lenye urefu wa sentimita 150 na upana wa 60. Kila sentimita moja ya kina ni lita 9. Maji yakisimama sentimita 2 juu ya meno, hizo ni lita 18. Mdomo wa kupandishia ukiwa sentimita 4 chini ya uso wa maji, sifoni inaongeza lita 18 nyingine. Kisanduku tuseme lita 10. Bomba la inchi moja na nusu hubeba kama lita 1.3 kwa kila mita, la inchi moja hubeba zaidi kidogo ya nusu lita. Kwa mita nne nne unapata lita 7 na ushee. Jumla kama lita 53. Sampu ya sentimita 120 kwa 50 hupanda sentimita moja kwa kila lita 6, kwa hiyo maji yatapanda karibu sentimita 9. Hilo linavumilika.

Sasa mdomo ule ule ushushe sentimita 20 chini ya uso, kama wanavyofanya wanaotaka mkondo upige mawe ya chini. Tabaka linaloshuka ni lita 180, jumla inakaribia 200, na sampu inatakiwa kupanda sentimita 33. Ikiwa ina kimo cha sentimita 40 na tayari ina maji sentimita 22, lita 90 hivi zinakwenda sakafuni. Maji ya chumvi hayo, kwenye zulia na kuta za jipsamu.

"Ndiyo maana nimeweka vali, fundi!"

Haya, tuizungumze vali. Ndani yake kuna kibao kinachobembea, au kifuniko kinachosukumwa na springi. Ili kizibe, uso wake lazima uwe safi kabisa. Na sisi tunafuga nini? Tunafuga viumbe ambavyo kazi yao ni kujijengea chokaa. Mwani mwekundu wa chokaa, ule wa rangi ya waridi unaoupenda kwenye mawe, unaota ndani ya bomba palipo na mwanga kidogo. Minyoo ya mirija hata mwanga haihitaji. Ongeza kikonokono kimoja, chembe ya mchanga, au uzi wa mwani wa refujiamu (sehemu ya sampu ya kuoteshea mwani) ulionaswa kwenye bawaba. Ukitia virutubisho vya kalsiamu karibu na pampu, una chokaa ya bure. Vali ya aina hii hukaa wazi miezi mingi bila kujaribiwa, halafu tunaitarajia ifunge vizuri usiku mmoja wa barafu waya zinapokatika mtaani.

Besimenti inaifanya hali kuwa mbaya zaidi, na hili ndilo linaloniudhi, kwa sababu ushauri mwingi unaozunguka umeandikwa kwa ajili ya sampu iliyo kabatini chini ya tenki. Kabatini kimo cha maji ni mita moja na kitu. Kwako wewe ni mita tatu, na mita tatu za maji hukandamiza ile vali kwa karibu bari 0.3, bila kupumzika. Ikivuja kidogo, itavuja kidogo usiku mzima. Watu huniambia, "Inavuja tone tone tu." Tone tone nayo inafika mwisho ule ule: sifoni haijali mwendo, itaendelea mpaka mdomo uvute hewa. Tofauti ni kwamba mafuriko ya polepole yanakukuta umelala.

Kuna na tundu la kukata sifoni, lile dogo linalotobolewa kwenye bomba chini kidogo ya uso wa maji ili hewa iingie mapema. Nalitoboa. Lakini nalo huziba kwa mwani na chumvi, na konokono hulipenda kupita kiasi. Lihesabu kama msaada. Kitu kisichoziba ni mdomo wenyewe kukaa juu, karibu na uso wa maji. Ukitaka mkondo chini ya mawe, nunua pampu ya mkondo na uigandishe kwenye kioo. Hiyo haimwagi kitu ikizima.

Je, mimi sifungi vali hizi kabisa? Nafunga mara nyingine. Maji mengi yakirudi sampuni, skima inazama kuliko kawaida yake, na umeme ukirudi inachafuka, inajaza kikombe na kumwaga uchafu wa wiki nzima ndani ya maji. Vali inapunguza adha hiyo. Naiweka kati ya yunioni mbili, viungo vya bomba vinavyofunguka kwa mkono, ili ifunguliwe na kuoshwa kwa siki. Ila hesabu ya sampu naipiga kama vali haipo, na ninapojaribu mfumo naijaribu ikiwa imetolewa.

Sampu kubwa ndiyo jibu, na hapo wenye besimenti mna bahati ambayo mwenye kabati hana. Huku Minnesota, Marekani, maduka ya wakulima yanauza hori za plastiki za kunyweshea ng'ombe, za galoni 100, karibu lita 380. Hazipendezi, lakini nani anashuka besimenti kutazama sampu? Wafugaji wengi wa matumbawe wanazitumia, na mimi nazipendekeza bila aibu.

Lakini hori kubwa ina mtego wake, na hapa ndipo hata walionielewa mpaka sasa wanaponipotea. Mafuriko yana upande wa pili. Konokono akiingia bomba la kushushia akaliziba, pampu haijui. Itaendelea kupandisha maji mpaka ivute hewa. Tenki letu la juu likiwa na sentimita 4 tu za nafasi mpaka ukingoni, hizo ni lita 36. Pampu ikiwa imezama katika hori la lita 380, sebule yako itapokea maji mengi, na kifaa cha kujaza maji yaliyovukiza, kikiona sampu inashuka, kitakuwa kinaongeza maji matamu kwa bidii. Kwa hiyo chumba cha pampu kitenganishwe na ukuta, kiwe kidogo: maji yanayoweza kupanda kabla pampu haijavuta hewa yawe machache kuliko nafasi ya juu. Kuhusu kifaa cha kujazia, pipa lake liwe dogo pia, hata kama inakulazimu kulijaza kila baada ya siku chache.

Kwa mabomba ya kushushia, kutoka kimo hiki sikubali bomba moja. Mfumo wa Herbie una mawili, wa BeanAnimal una matatu: moja linaloshusha kwa sifoni kamili bila hewa, moja lililo wazi linalobeba ziada kidogo, na moja kavu la dharura. Mimi hufunga matatu. Vali ya kurekebisha sifoni iwe ya geti, ile unayoizungusha taratibu, na ikae chini karibu na sampu, sio juu. Maji yanayoanguka mita tatu yana nguvu ya ajabu; vali ya mpira, ile ya mpini mmoja, ukiigusa tu umepitiliza. Mwisho wa bomba uzame sentimita mbili tatu, basi. Ukiuzamisha sana, hewa inashindwa kutoka wakati wa kuwasha, na sifoni inachelewa kuanza huku tenki linapanda na wewe unatokwa jasho. Elibo (kona za bomba) kali zipunguze, tumia mbili za nyuzi 45. Sehemu ya kulala iwe na mteremko.

Pampu sasa, haraka. Kuna imani nyingine, binamu wa ile ya vali: kwamba maji yanayoshuka yanasaidia kuvuta yanayopanda, hivyo kimo hakina shida. Hapana. Sampu iko wazi kwa hewa, hakuna kinachovuta chochote. Pampu yako inapandisha kimo chote, kuanzia uso wa maji ya sampu mpaka uso wa maji ya tenki, pamoja na msuguano wa bomba na kila elibo. Namba kubwa kwenye boksi ni ya kimo sifuri. Tafuta namba ndogo iliyoandikwa kimo cha juu: pampu yenye kimo cha juu cha mita 3 haitafikisha hata tone penye mita 3.5. Soma mchoro wake, usisome boksi. Bomba likiwa pana kuliko mdomo wa pampu, msuguano unapungua, ila maji yaliyomo yanaongezeka. Rudi kwenye hesabu.

Maji yote ya tenki yazunguke mara ngapi kwa saa? Vitabu vinasema mara tano, mara kumi. Kutoka besimenti mimi huridhika na mara tatu au nne, kwa sababu ya gharama ya umeme na kelele, na matumbawe ya wateja wangu yanakua. Je, yangekua zaidi kwa mara kumi? Siwezi kuthibitisha, na sijaona anayethibitisha kwa tenki la nyumbani. Soksi za kuchuja nazo zinanitia shaka. Zikiachwa wiki mbili zinakuwa ghala la uchafu. Mwenye uvivu afadhali asiwe nazo.

Yaliyobaki mnayajua, nayataja nisije nikalaumiwa. Miji mingi huku inatia kloramini kwenye maji ya bomba, kwa hiyo mtambo wa RO, ule wa kusafisha maji kwa utando, uwe na kaboni inayoiweza. Chumvi gramu 35 kwa lita, na waliokulia Mombasa waache kuniuliza maji ya bahari, iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa. Soketi ziwe za GFCI, zile zinazojikata umeme ukivuja, na hita na pampu zisitegemee soketi moja. Unyevu msiudharau: maji yanayovukiza wakati wa baridi yanatafuta dirisha, kisha mbao, na mwishowe ukungu. Feni ya kutoa hewa nje au mashine ya kukausha hewa ni sehemu ya mfumo, inunueni pamoja na tenki.

Kabla ya kutia kiumbe chochote, jaza kila kitu na ufanye majaribio mawili. La kwanza: toa vali ya njia moja, chomoa pampu, subiri mpaka maji yatulie kabisa, kisha bandika utepe pale sampu ilipofika. Ukihamisha mdomo au ukibadilisha bomba, rudia. La pili linaogopwa, na ndilo linalorukwa: funga geti la sifoni kabisa pampu ikiwa inakwenda, uone kama mabomba mawili yaliyobaki yanabeba yote. Ukimaliza hapo, yazibe nayo, ubaki unatazama kama pampu inavuta hewa kabla tenki halijafika ukingoni. Hili lifanywe na watu wawili, mmoja sebuleni na mwingine chini mkono ukiwa kwenye plagi, na muwe mmepigiana simu tayari. Kuitana kupitia sakafu hakufai, kwa sababu pampu ikianza kuvuta hewa huko chini hasikiki mtu.