Kirusi ni Nini? Tuangalie Batobato ya Mihogo

Kirusi ni chembe ndogo mno inayobeba vinasaba, ama DNA ama RNA, ndani ya ganda la protini, na ambayo haiwezi kuzaliana isipokuwa ndani ya seli hai ya kiumbe kingine. Baadhi yake, kama VVU na virusi vya mafua makali, vina pia utando wa mafuta juu ya ganda. Mwaka 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky alionyesha kwamba utomvu wa tumbaku yenye ugonjwa, hata ukichujwa kwa chujio linalonasa bakteria, bado huambukiza mimea mizima, ishara kwamba kisababishi chake ni kidogo kuliko bakteria.

Batobato, ugonjwa wa virusi unaokunja majani ya muhogo na kuyatia mabaka ya manjano, unaonyesha vizuri jinsi kirusi kinavyotegemea seli ya mwingine. Vinasaba vya virusi vyake ni miduara miwili tu ya DNA, kila mmoja ukiwa na nyukleotidi (vipande vidogo vinavyounda DNA) 2,800 hivi. Kwa uchache huo, havina hata kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemikali katika seli) cha kunakili DNA yao. Nzi weupe, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu chini ya majani, huviingiza kwenye mmea, DNA ikafika katika kiini cha seli, na hapo vimeng'enya vya muhogo wenyewe ndivyo vinavyoinakili, huku ribosomu za muhogo, yaani viwanda vidogo vya protini ndani ya seli, zikitengeneza protini za maganda mapya. Jani hupoteza ukijani wake, chakula kinachotengenezwa hupungua, na mizizi hubaki midogo.

Bakteria ni tofauti kabisa, kwa kuwa ni seli kamili yenye ribosomu zake na, kwa kawaida, ukuta wake, na antibayotiki hulenga sehemu kama hizo. Kirusi hakina hata moja, kwa hiyo kumeza antibayotiki kwa ajili ya mafua ni kujisumbua bure, na kunawapa bakteria nafasi ya kuzoea dawa. Dawa za kufubaza VVU hufanya kazi kwa njia nyingine: nyingi huzuia vimeng'enya ambavyo kirusi huingia navyo katika seli.

Kwa mkulima wa mihogo hakuna dawa ya kupulizia itakayoponya shina lililokwisha ambukizwa. Pingili ikikatwa kwenye shina hilo huwa tayari imebeba virusi. Ndiyo maana mabwana shamba husisitiza kupanda pingili safi, kung'oa mapema mimea yenye mabaka, na kutumia aina zinazostahimili ugonjwa.